Nundu Tatu kwa Mwaka Mmoja

Nundu ya kwanza niliiona Jumamosi asubuhi nikiosha gari. Tairi la mbele kushoto, ubavuni, lilikuwa na uvimbe kama nusu ya yai la kuku wa kienyeji. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, ukabonyea, ukarudi. Nikajifanya sijaona kitu. Jumatano yake fundi wangu wa matairi hapa Kisasa, mtaa wa Dodoma, aliuona hata sijazima injini.

"Dada, hapa unatembea na bomu." Akachuchumaa, akaugusa kama daktari anayegusa jipu la mtoto. "Umepiga shimo wapi?"

Wapi? Ningemtajia yapi niache yapi.

Gari lenyewe ni Toyota Altezza RS200 ya mwaka 2001, lile toleo la Z, gia ya mkono yenye hatua sita, injini ya 3S-GE ambayo kiwandani iliandikiwa nguvu farasi 210. Kaka yangu aliiagiza Japani, akaishusha kwa springi fupi, akatamba nayo Dar miaka miwili, mpaka wifi yangu, akiwa na mimba ya miezi saba, alipogoma kupanda gari ambalo kila tuta linamsalimia mtoto tumboni. Nikamsumbua kaka akaniuzia kwa ule mkopo wa ndugu usioisha. Nikaja nayo Dodoma nilikohamishiwa kikazi. Kila siku natoka Kisasa naenda Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, jioni narudi. Wenzangu ofisini wanauliza mhasibu anatafuta nini kwenye gari la namna ile, tena sasa hivi hata Dar naweza kwenda na treni ya SGR kwa saa zisizofika nne. Sina jibu la maana. Injini ile ikifika mizunguko 7,000 nasahau ripoti za robo mwaka, basi.

Lakini injini haigusi lami. Kinachogusa lami ni vipande vinne vya mpira, kila kimoja kama ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, na mwaka ule vipande hivyo vilinifilisi. Matairi matatu yalitoa nundu, kila moja nikalinunulia mbadala wake kwa wakati wake, kwa shilingi 210,000. Jumla 630,000, na bado nilibaki na gari lenye matairi ya kampuni tatu tofauti, kila moja na umri wake. Gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halipendi mchanganyiko huo. Siku moja kwenye mzunguko, lami ikiwa na mchanga kidogo tu, matako ya gari yalitangulia yakitaka kuniangalia usoni. Spidi yenyewe haikufika hata 40.

Nundu inatokeaje? Ndani ya ubavu wa tairi kuna nyuzi, na nyuzi hizo ndizo zinazobeba kazi. Mpira unaouona nje ni koti tu. Tairi likigonga ukingo wa shimo, ubavu hubanwa kati ya ukingo na rimu kama kidole kwenye mlango, nyuzi zinakatika, na kuanzia hapo upepo unasukuma mpira mtupu. Hakuna kiraka cha nundu. Pancha ya msumari katikati ya tairi inazibwa na maisha yanaendelea, lakini ubavu ukishakatika nyuzi, tairi hilo ni la kutupa, hata kama kashata zake, yale matofali ya mpira yanayokanyaga lami, ni mpya kabisa.

Na Dodoma, tofauti na wanavyodhani watu wa Dar, haina uhaba wa lami. Tatizo ni maungio. Unatoka barabara kuu iliyonyooka kama rula, unakunja kuingia mtaani, lami inaisha kama biskuti iliyomegwa na ukingo wake una kimo cha kiganja. Kuna matuta yaliyofutika rangi tangu hujahamia. Kuna rasta, vile vituta vidogo vilivyopangwa mfululizo, zinazotikisa meno. Mvua ikija, na kwetu inakuja miezi michache tu kati ya Desemba na Aprili, makorongo yanamwaga mchanga na mawe barabarani, na shimo lililojaa maji ya udongo mwekundu linafanana kabisa na mahali pasipo na shimo. Ukikimbilia njia ya mkato ya vumbi, miiba ya migunga inakusubiri.

Baada ya nundu ya tatu nikasema sasa basi, nanunua manne kwa mpigo, na nanunua kwa akili. Hapo ndipo washauri walipojitokeza.

Kaka, kwenye simu, alikuwa na jibu moja: chukua mpira laini, chukua upana wa milimita 225, usiue gari. Fundi wangu alikuwa na jibu lake, kinyume chake: "Dada, chukua tairi ngumu. Ngumu haziishi." Alikuwa na hoja. Matairi magumu ya bei ya chini yanakaa muda mrefu kweli. Ila nilishawahi kupanda gari la mwenzangu lenye matairi ya aina hiyo siku ya mvua, akakanyaga breki, gari likaendelea na safari yake kama halijaambiwa kitu.

Kwa kaka nako nilikuwa na kumbukumbu. Altezza ilipotoka bandarini ilikuja na matairi ya nyuma ambayo ukiyakwaruza kwa ukucha yanabaki na alama. Kaka alifurahi, akasema Wajapani hawana mchezo, mpira laini kama huo ni wa mashindano. Lile gari likiwa barabara ya Morogoro mchana wa jua kali, nyuma kulikuwa kunayumba kama mtu aliyevaa viatu vya ndugu yake mkubwa. Kwenye miezi minne kashata zilikuwa zimelika kama sabuni. Ndipo fundi mmoja akatuonyesha neno lililoandikwa ubavuni: STUDLESS. Yalikuwa matairi ya theluji. Wajapani wa kaskazini huyavaa msimu wa baridi. Mpira wake unatengenezwa ubaki laini kwenye barafu, na kila kashata imechanwachanwa vijistari vyembamba kama nywele ili ing'ate theluji. Kwenye lami ya moto ule ulaini unageuka ulegevu. Kwa hiyo gari la Japani likishuka, kabla hujasifia matairi, tafuta neno hilo, au alama ya kilima chenye chembe ya theluji. Ukikuta vijistari vingi juu ya kila kashata, jua ulichonacho.

Basi nikaanza kusoma ubavu wa tairi kama ninavyosoma vocha za malipo, mstari kwa mstari.

Duka la kwanza nililoingia mjini lilikuwa na saizi yangu, 215/45R17, yaani upana wa milimita 215 kwa rimu ya inchi 17, manne, yamepangwa nje mbele ya duka juani. Yanang'aa kama viatu vya mwanajeshi. Kijana wa duka akasema ni mapya, hayajawahi kufungwa, na kweli yalikuwa na vile vinyweleo vya mpira. Nikapiga magoti kutafuta herufi DOT, zinazotangulia namba yenye tarehe ya kutengenezwa. Upande wa kwanza namba haikuwa kamili, ikabidi tuligeuze, kwa sababu tarehe mara nyingi inaandikwa upande mmoja tu. Nikafuta ile dawa ya kung'arisha kwa kidole. Tarakimu nne za mwisho: 1518. Wiki ya 15 ya mwaka 2018. Tulikuwa Novemba 2024. Chini ya ule mng'aro, pale ubavu unapokutana na kashata, kulikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino cha mtu asiyepaka mafuta.

"Dada, mpira hauozi," kijana akasema.

Hauozi, lakini unakauka. Jua, joto na hewa yenyewe vinaufanya mpira ugumuke taratibu hata ukiwa stoo, sembuse kwenye jua la saa nane mchana la Dodoma. Watengenezaji wakubwa, Michelin wakiwemo, wanashauri tairi likaguliwe kila mwaka baada ya miaka 5 ya matumizi, na liondolewe likifika miaka 10 tangu litengenezwe hata kama kashata zipo. Nikamshukuru yule kijana, nikaondoka. Duka hilo lilikuwa na bei nzuri kuliko yote niliyopita, na sasa nilijua kwa nini.

Maandishi mengine nayapitia haraka. Baada ya saizi kuna namba na herufi, kwa mfano 91V. Namba ni mzigo: 91 ni kilo 615 kwa tairi moja. Herufi ni mwendo: H ni hadi kilomita 210 kwa saa, V ni 240, W ni 270. Nani atakimbia 240 hapa, na tochi za trafiki zimejificha nyuma ya kila mbuyu? Hakuna. Ila tairi haliwezi kupewa V bila kuhimili joto linaloletwa na mwendo huo, na joto ndilo adui wetu mkubwa. Kwa gari la spoti hapa kwetu, chini ya V mimi sishuki.

Halafu kuna neno TREADWEAR na namba yake, kipimo cha Kimarekani, ndiyo maana matairi mengine hayana. Namba ikiwa kubwa, tairi linatarajiwa kudumu zaidi. Matairi ya watu wanaokwenda kushindana uwanjani huwa karibu na 200. Ya kutembelea tu yanafika 500 na kuendelea. Kampuni inajipimia na kujipangia yenyewe, kwa hiyo kulinganisha 400 ya kampuni hii na 400 ya ile ni kama kulinganisha vipimo vya vikombe vya mama ntilie wawili. Inasaidia ukilinganisha matairi ya kampuni moja. Nilijiwekea uwanja wangu kati ya 300 na 400: laini kiasi cha kung'ata lami, gumu kiasi cha kufika mwaka wa pili. Pembeni yake kuna TRACTION, yaani namna linavyosimama kwenye lami iliyoloa ukiwa umenyooka, AA juu, C chini. Hapo nilitaka A au zaidi, na sikukubali mazungumzo.

Kwa saizi ya 17, matairi yenye sifa hizo niliambiwa 310,000 kwa moja. Manne ni 1,240,000. Nikarudi nyumbani nikanywa chai.

Usiku ule nikachukua kikokotoo cha ofisini. Ile 45 kwenye 215/45 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 45 ya upana. Kwa hiyo kati ya rimu yangu na ulimwengu wote wa mashimo kulikuwa na milimita 97 za mpira. Nikapiga hesabu ya 205/55R16. Ubavu, milimita 113. Kipenyo cha gurudumu zima kwa saizi ya kwanza ni milimita 625, ya pili 632. Tofauti ya asilimia moja tu, spidomita isingejua. Na ubavu unaongezeka milimita 16, kimo cha kidole changu kilicholala. Nilikaa nikikitazama kidole.

Kingine nilikijua kesho yake kwa kupiga simu tu: 205/55R16 ni saizi ya magari chungu nzima ya kawaida. Kila duka inayo. Tena inapatikana kwa madaraja yote, na bidhaa inayozunguka haraka haikai dukani miaka sita ikipakwa dawa ya viatu. Sikuwa nimefikiria kwamba njia ya kupata tairi zuri la bei ya mfuko wangu ni kubadili rimu.

Kaka alikata simu. Si utani, alikata. Kwake gari la spoti lenye rimu 16 ni kama suti yenye kandambili.

Rimu nilizipata kwa fundi anayechinja magari, zimetoka kwenye Altezza nyingine iliyogongwa nyuma: nne kwa 350,000, moja ina mkwaruzo. Sikuzilipia mpaka tumejaribu. Breki za mbele za RS200 ni kubwa, na rimu inaweza kulingana matundu yote matano ikaja kugusa kaliper, kile chuma kinachobana diski ya breki. Tukapandisha gari kwa jeki, tukafunga rimu tupu bila tairi, fundi akaizungusha kwa mkono huku sikio lake liko karibu kama anasikiliza saa. Haikugusa. Akaingiza kidole kati ya rimu na kaliper, kikapita. "Inakubali," akasema.

Matairi yenyewe sitayataja jina, hakuna aliyenilipa. Ni ya daraja la kati kutoka Asia, na daraja hilo lina majina mengi ya kuheshimika: Nankang wa Taiwan, Hankook na Kumho wa Korea Kusini, Falken wa Japani, GT Radial wa Indonesia. Yangu yalikuwa 91V, TREADWEAR 340, TRACTION A, na DOT ikiishia 0824. Miezi tisa tangu yatengenezwe. 185,000 kwa moja, manne 740,000. Ukijumlisha na rimu, 1,090,000. Bado nafuu kuliko manne ya 17, na rimu nimezinunua mara moja tu.

Fundi alitaka kuyajaza upepo hadi PSI 40, kile kipimo cha msukumo wa upepo, "ili yapande matuta vizuri". Huo ugonjwa uko kila mahali. Tairi lililojazwa kupita kiasi linakanyaga kwa katikati tu, na likikutana na shimo linakuwa kama ngoma iliyokazwa. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko. Cha kwangu ni cha Kijapani lakini tarakimu ni tarakimu, na ukikuta kPa 220 hiyo ni karibu PSI 32. Upime asubuhi, gari likiwa halijatembea. Joto likipanda nyuzi 10, upepo unapanda karibu PSI 2, kwa hiyo aliyepima saa nane mchana juani amejidanganya. Nilinunua kipimo changu mwenyewe, kinakaa kwenye mfuko wa mlango pamoja na karanga.

Springi fupi za kaka nazo nilizitoa. Gari likishushwa bila kurekebishwa, magurudumu yanalala kwa ndani, na tairi linaliwa upande ule usiouona ukiwa umesimama. Ya zamani yangu yalikuwa na kashata nzuri kwa nje, na kwa ndani waya ulikuwa umeanza kuchungulia. Tukarudisha springi za kiwandani, tukabadili bushi mbili, tukapiga alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu yakae sawa. Ukiweka matairi mapya bila alaimenti umewekea panya unga.

Mtihani wa kwanza ulikuja wiki mbili baadaye, mvua ya kwanza ya Desemba. Mvua ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu miezi minane ya vumbi na matone ya mafuta inageuka utelezi ndani ya dakika kumi. Nilikuwa natoka Mtumba, maeneo ya Ihumwa, bajaji mbele yangu ikasimama ghafla kupakia mama mwenye ndoo. Nikakanyaga. Usukani ulitetemeka kidogo, pua ya gari ikainama, tukasimama. Kati ya bampa langu na bajaji palitosha mtu kupita na baiskeli. Yule mama hakugeuka hata kuangalia.

Wa pili niliutafuta mwenyewe. Januari, Jumapili, nikaenda Iringa kupitia Mtera. Ukishavuka bwawa unaanza kuupanda mlima Nyang'oro, kona juu ya kona, na hapo ndipo nilipolipa deni la ule ubavu mrefu. Zamani nikikunja usukani gari lilikunja nami papo hapo. Sasa kuna kusitasita, kama nukta moja, ubavu unajipinda kwanza ndipo gari linafuata. Ukiwa na haraka utachukia. Nilipozoea nikaanza kukunja mapema kidogo, na katikati ya kona gari likakaa kimya, limeng'ata lami, bila ule mdundo wa zamani kwenye kila kiraka. Nilipofika Iringa mgongo haukuuma. Hata hivyo sitasema uongo: ule ukali wa usukani nimeukosa, na gari likiegeshwa limekuwa na sura ya mtu aliyenyoa ndevu.

Sasa ni zaidi ya mwaka. Nundu, hakuna. Pancha mbili, zote za miiba. Kila kilomita 8,000 hivi nayahamisha ya mbele nyuma, maana magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma na ndiyo yanayolika.

Kaka alikuja Pasaka. Akalizunguka gari, mikono nyuma kama mkaguzi. Akaomba ufunguo, akaenda nalo hadi Chamwino, akarudi baada ya saa nzima. Akasema, "Usukani umekuwa mvivu." Akaenda kula.

Yalibaki yale matairi ya zamani, yameegemea ukuta wa nyuma, yakikusanya maji na mbu. Nikayapeleka kwa mzee anayeshona katambuga karibu na soko la Majengo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Akachukua moja, akalikata ukingo kwa kisu kifupi, akalielekeza kwenye mwanga. Ndani ya mpira vinyaya vilimeta. Akatikisa kichwa. Ya waya hayafai kwa soli, yanatoboa mguu. Yeye anataka matairi ya nyuzi tupu, ya malori ya zamani. Ila ubavu, akasema, hauna waya, atautoa mikanda. Akaushika, akaupapasa, kidole chake kikasimama pale penye nundu.

"Hapa pamekufa," akasema.

Akalikata duara la ubavu akiiruka ile nundu kama fundi cherehani anavyoruka doa kwenye kitambaa, akanirudishia yaliyobaki yote, niyapakie tena kwenye buti.